Mpiga msasa anayeutamani mluzi wake

Saa tatu asubuhi, na nyusi za Msasa zimeshakuwa za njano. Vumbi la mbao limetua kwenye kope, masikioni na kwenye mikunjo ya shingo. Anainamia mgongo wa kiti, anausugua kwa mashine, anazima, anapitisha kiganja. Bado. Anawasha tena.

"Kiti hiki kikitoka hapa, hata mtu akikikalia na nguo ya hariri hakitamkwaruza," anasema, kisha anageuka pembeni kukohoa. Kikohozi kinaanza taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu, halafu kinaingia bila kukaribishwa. Wenzake hawainui vichwa. Wamekizoea, na wengine wanacho chao.

"Mapenzi na kikohozi havifichiki," anasema akijifuta mdomo. "Mimi nilianza na mapenzi."

Ana miaka arobaini na sita. Kazi yake katika karakana hii ya samani ni kulainisha mbao kabla hazijapakwa vanishi. Ameifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba wote wanamwita Msasa, na jina alilopewa na mama yake limebaki kwenye kitambulisho tu.

Kabla ya kikohozi alikuwa na mluzi. Mtaa mzima uliujua. Jioni akifika kona alipiga milio mitatu, wa mwisho mrefu, na kule ghorofa ya nne mkewe akabandika chai. Ni mluzi huohuo uliomtoa binti wa watu dirishani enzi hizo, kabla hata mshenga hajatumwa.

Siku hizi midomo inajikunja vilevile, lakini kinachotoka ni upepo mtupu.

"Nimeukosa kuliko nilivyowahi kukosa pesa," anasema. "Na pesa nimezikosa sana, ndugu mwandishi."

Kuna siku alidhani utarudi. Tajiri wao alinunua feni kubwa ya kunyonya vumbi. Ilipokuwa ikishushwa kwenye gari, wapiga msasa waliacha kazi, na mmoja wao, mwanamume mzima mwenye ndevu, akapiga kigelegele. Feni ikabebwa, ikapita mbele yao, ikaenda kufungwa chumba cha pili, kule viti vinakopakwa vanishi.

"Chembe moja ya vumbi ikiangukia vanishi mbichi, kiti kizima kinarudiwa," anaeleza msimamizi wa karakana. "Hiyo ni hasara."

Na watu je?

"Watu wana barakoa."

Wanayo, kweli. Moja kwa mwezi. Kufikia wiki ya pili imeziba, inafuliwa, inaanikwa, inavaliwa tena. Tuseme ukweli: kiti kilitafutiwa hewa safi, aliyekilainisha akaambiwa avumilie.

Msasa hana kisirani. "Simlaumu tajiri kwa kukipenda kiti. Hata mimi nakipenda. Ningetamani tu nipendwe kama kiti."

Mwaka jana mkewe alimburuta hadi zahanati. Akapewa mrija wa kupuliza. "Puliza, baba, puliza, usiache!" daktari akamhimiza. Alipuliza mpaka akaona nyota. Daktari akaitazama karatasi, akamwambia mapafu yake ni kama ya mtu wa miaka sabini.

"Nikamwambia, kama ni hivyo basi nistaafu," Msasa anakumbuka, na anacheka kwa tahadhari, maana kicheko nacho huamsha kikohozi. "Akasema nitafute kazi nyingine. Nikamwomba aiandike hapohapo kwenye cheti, nikaiulizie duka la dawa."

Dawa ya kuvuta aliyoandikiwa inameza mshahara wa wiki nzima. Aliambiwa aivute kila siku. Anaivuta akizidiwa.

Akitoka kazini, inamngoja ngazi. Methali inasema aliye juu mngoje chini, lakini walioitunga hawakuwahi kupanga kwenye jengo hili. Hapa hakuna lifti, na kodi ya chumba cha chini ni karibu mara mbili ya ile ya juu. Kwa hiyo wenye nafasi wanakaa chini, na mwenye kifua kibovu anapanda.

"Hapa walalahoi ndio tuko juu," anatania mkewe, ambaye ni fundi cherehani. "Tunawaona wenye pesa utosini."

Msasa aliokota vipande vya mbao vilivyotupwa, akatengeneza vigoda, akaweka kimoja kila ghorofa. Mama mwenye nyumba alipopata habari alipanda kwa hasira kuja kuviondoa. Alipofika ghorofa ya pili pumzi ilimwishia, akakaa. Alikaa kitambo, akashuka bila kuondoa hata kimoja. Wiki iliyofuata aliagiza viwili vya kwake, na akadokeza kwamba chumba cha chini kikiachwa wazi, Msasa atakuwa wa kwanza kuambiwa.

"Sijaahidi," alisisitiza.

Lakini kwa Msasa hiyo inatosha kumkosesha usingizi. Anakitamani chumba kile mpaka anajua dirisha lake linatazama wapi. Anataka aache karakana, aweke meza mlangoni, atengeneze vigoda kwa mkono.

"Randa inatoa maranda, haitoi vumbi," anaeleza. "Maranda unayafagia, yameisha. Hayakufuati mpaka kitandani."

Jioni anafika kona. Anasimama, anavuta hewa, anainua kichwa. Midomo inajikunja. Fyuu, basi. Mtu aliye hatua mbili hawezi kusikia, ila mkewe ameshatoa kichwa dirishani, maana cherehani yake ameielekeza huko makusudi.

"Nimesikia!" anapaza sauti.

Msasa anapanda, kigoda kwa kigoda. Ghorofa ya tatu anamkuta mkewe ameshuka. "Nilikuwa nanyoosha miguu tu," anasema mkewe, uongo uleule wa kila jioni, na anampokea mfuko aliobeba. Anakaa kwenye ngazi kando ya kigoda, wanangoja kifua kitulie.

"Tukihamia chini nitapona, mluzi utarudi," anasema Msasa.

"Haya, tuseme mluzi umerudi. Utaupiga wa nini sasa, baba watoto? Si utagonga mlango tu?"

Msasa anavuta pumzi. Haitoshi, anavuta nyingine.

"Nitaupiga hivyohivyo," anasema. "Hata ukiwa umesimama mbele yangu."