Bwawa Nililoliandika Tupu

Siku yangu ya kwanza ya kuhesabu ndege nilifanya kosa ambalo nusura lizike bwawa zima. Nalisema mapema, maana wazee wengi wakisimulia kazi zao utadhani hawakukosea hata siku moja.

Idara ya wanyamapori ilinipangia Matuu. Kando ya barabara kuu itokayo Thika kuna mashimo yaliyochimbwa murram, ule udongo mwekundu wa barabara, wakati wa kujenga lami. Mvua ikanyesha, yakawa mabwawa, ndege wakahamia bila kuomba kibali. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu kwa darubini na kujaza fomu. Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja: unahesabu kumi, unaona wanachukua nafasi gani, kisha unalipima kundi zima kwa kumi kumi.

Nilishuka garini kwa bidii ya mgeni, nikatembea hadi ukingoni mwa bwawa moja. Ndege wote wakaruka. Nikasubiri kidogo, nikaandika: hakuna.

Dereva wetu, Musyoka, alicheka hadi akaegemea usukani. "Aiya, madam! Kwani ulitaka wakusalimie? Hawa wamezoea malori, hawajazoea miguu. Sisi huwa hatushuki."

Nilidhani ananitania tu, nikaipeleka fomu vilevile. Wiki iliyofuata Afisa Mkuu wetu akatangaza kwamba bwawa lile litajazwa udongo liwe maegesho ya malori, kwa kuwa fomu imeonyesha halina ndege. Fomu yangu! Nilikuwa bado kwenye majaribio, na aliyekiri kosa kubwa wakati huo kwa kawaida alifungasha virago.

Hata hivyo nilibisha mlangoni kwake. "Mkubwa, ile fomu niliharibu mimi. Nilishuka gari."

"Na wenye maegesho wameshapewa barua ya kibali," akasema bila kuinua kichwa. "Unataka niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Kuja ukae kwa gari na sisi saa moja tu."

Alikuja, amenuna. Musyoka akaegesha kando ya bwawa, akazima injini. Malori yalipita yakitutikisa, na hakuna ndege aliyejali. Vitwitwi walidonoa matope kama kuku wa nyumbani. Bata bukini walikuwa na vifaranga, na yangeyange walijaa kwenye mgunga. Afisa Mkuu akaniomba darubini, na hakunirudishia.

"Wewe andika," akasema. "Mimi nahesabu."

Barua ikafutwa. Mimi nikapewa onyo la maandishi, nililostahili, na kazi nikabaki nayo. Baadaye nikahamishiwa Masinga, kwenye bwawa kubwa, nikafundisha wengi. Nasema bila haya: kwa kuhesabu kundi linaloruka, hakuna aliyenishinda.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza siri ya kazi wakitarajia niwatajie aina ya darubini. Nawaambia, kabla hujaandika hakuna, hakikisha si wewe uliyewafukuza.

Maegesho yalijengwa ng'ambo ya barabara. Nafasi ilikuwako huko tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa ameuliza.