Dola Niliyoisugua kwa Jivu

Chumba cha nyuma cha ile hoteli ya Ngara kilinuka mafuta ya mandazi, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine nyembamba, ya chuma kilichopita mikono mingi, ile inayobaki vidoleni hata ukinawa. Sina hakika kama naikumbuka kwa pua yangu au nimeisoma mara nyingi mno katika daftari langu la wakati huo mpaka nikaamini. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo msomaji anisamehe nikipanga mambo vibaya. Lakini nitayasema yalivyokuwa, na waliopingana nasi nitawapa haki yao.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ilikuwa likizo ndefu. Baba alitengeneza saa katika kibanda Ngara, nasi tuliishi Kabiria. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alifunga mapema akanichukua twende kwa wenzake, wakusanyaji wa sarafu za kale, watu saba au wanane waliokutana katika chumba kile. Walikuwa na taratibu zao. Sarafu hushikwa ukingoni, kamwe si usoni. Chai hainywewi mpaka sarafu zirudi mfukoni. Na kila sarafu ina bahasha yake ndogo ya kaki iliyoandikwa maisha yake: ilitoka kwa nani, nani aliitoboa, ilianguka wapi. Bahasha husomwa mwezi huu, sarafu yenyewe huletwa mwezi ujao, ili mtu ajifunge kwa maneno yake kabla ya kuonyesha kitu. Mmoja aliyewahi kuficha kasoro aliambiwa asirudi, na tangu hapo hakutajwa ila kama mfano wa ubaya.

Mwezi ule zamu ilikuwa ya Sheila, dada wa ofisini aliyeishi Kilimani, mtaa wa wenye pesa. Alileta dola ya fedha kutoka Marekani, lakini si ya kale. Ilikuwa toleo jipya la ile dola maarufu ya zamani: kichwa cha mwanamke upande huu, tai upande ule, kila unywele mahali pake, ila mwaka uliopigwa juu yake ulikuwa wa juzi tu. Ilimetameta mezani kama jicho la samaki mbichi. Mzee Njoroge, mwenye nyumba za kupangisha Riruta na mkubwa wa kikundi, aliitazama bila kuigusa.

"Hii ni picha ya harusi," akasema, "na harusi yenyewe haikufanyika."

"Haijawahi kununua hata kiberiti," baba akaunga mkono.

"Sasa Fundi, hiyo dola yako ya zamani ulikuwa nayo ikinunua?" Sheila akamjibu. "Na Mzee, hata wewe ulizaliwa mpya. Kwani ulizaliwa na hiyo mvi?"

Watu walicheka, Mzee mwenyewe akacheka. Lakini hoja zilikuwa nzito pande zote, na nikizipima leo bado sioni aliyeshindwa. Sheila alisema toleo jipya halimdanganyi mtu kwa kuwa linatangaza mwaka wake. Fedha yake ni safi. Na mtu wa kawaida anapata kuona uzuri ambao sarafu za kale zimeupoteza kwa kuchakaa. Mzee alisema sarafu ni safari, na isiyosafiri haina la kusimulia. Aliogopa pia kwamba watengenezaji wakizoea kufufua wafu, siku moja vijana hawatajali aliyekufa ni nani. Chema chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza. Mwishowe walikubaliana kwamba mwezi ujao dola ya baba iliyo ya kale kweli iwekwe kando ya ile mpya, na meza iamue. Baba akasimama akasoma bahasha yake: dola hiyo aliachiwa na fundi aliyemfunza kazi, macho ya fundi huyo yalipofifia, na tangu siku hiyo haijaguswa.

Niliposikia "haijaguswa" niliona haya. Nyumbani kwetu, kama kwa watu wengi waliotoka magharibi mwa nchi, heshima ya mwanamke ilining'inia ukutani: sufuria zilizosuguliwa kwa jivu na waya mpaka unaona meno yako. Mama alisema sufuria nyeusi inamsengenya mwenyewe. Na dola ya baba ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya maharagwe. Kwangu, baba alikuwa amesimama mbele za watu akatangaza kwamba hajaosha chombo tangu apewe. Nikajiambia hataaibika mbele ya dola ya Kilimani nikiwa hai. Ijumaa ya kuamkia mkutano uliofuata, mchana, mama akiwa sokoni, niliitoa dola katika bahasha, nikachota jivu la makaa, nikakamulia ndimu, nikasugua kwa waya wa sufuria. Nilisugua mashavu ya yule mwanamke, nikasugua mbawa za tai, mpaka vidole vikauma. Ilitoka nyeupe, nyeupe kabisa. Nikaipangusa kwa khanga, nikairudisha, nikalala kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi.

Kesho yake mkutanoni baba aliidondosha dola juu ya kitambaa, mkono wake ukabaki hewani. Mzee Njoroge aliweka kioo jichoni, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Fundi, hii imesuguliwa. Ona mikwaruzo, imejaa kama mvua. Na bahasha inasema haijaguswa."

Nilielewa kwa kuwatazama nyuso, si kwa kuambiwa, kwamba weusi ule ndio walioupenda, nami nilikuwa nimeuharibu. Baba aliangalia kucha zangu, zilizokuwa bado na jivu, kisha akaangalia mlango.

"Ni sarafu yangu," akasema. "Lolote lililoipata, nitajibu mimi."

"Basi unajua sheria, Fundi," Mzee akasema, sauti imemshuka. Hakufurahia, nalisema hilo kwa haki. Walikuwa wamejuana miaka mingi.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kujitaja. Nikasimama.

"Si baba. Ni mimi. Nilitumia jivu na waya wa sufuria. Yeye hakujua."

"Jivu?" Sheila akashika kichwa. "Woi, mtoto wa wenyewe!"

"Na ndimu," nikaongeza, kwa sababu nilitaka yote yawe yamesemwa.

Mzee aliniuliza kwa nini. Nikamwambia: ili baba asiaibike. Akavua kioo, akapangusa jicho ambalo halikuwa na kitu, akamwambia baba anipe kalamu. Nikaandika kwenye bahasha, chini ya mwandiko wa baba: imesuguliwa kwa jivu na ndimu na binti wa fundi, kwa kutojua. Baba akabaki katika kikundi. Kisha Mzee akavuta dola mbili zikakaa pamoja, akasema jambo ambalo najua lilimkera: "Leo mezani hapa, hii mpya ndiyo iko vile ilitoka kwa mashine. Sheila, rudisha yako mfukoni, kunywa chai."

Sasa nina kitambulisho cha mtu mzima na ninakaa kwenye kibanda kile kile kando ya baba. Sarafu siku hizi zinajadiliwa kwenye simu zaidi kuliko mezani, na matoleo mapya yamejaa, yamefungwa ndani ya plastiki. Mimi ninayapenda, ingawa huenda nakosea. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea dola mpya kama ile ya Sheila. Alitaka niifanye nyeusi na niukwaruze mwaka usisomeke, ionekane ya babu yake. Nikakataa. Akasema fundi mwingine atafanya. Nikamwambia ampelekee, lakini kikundini nitaitaja, na nikamwonyesha kwamba nimeshaipiga picha. Akaichukua akaondoka bila kuaga, na pengine tumempoteza mteja. Nilipokuwa mtoto ilibidi kwanza nimwone baba akibeba kosa langu ndipo niseme kweli. Siku hizi naisema kabla kosa halijafanyika. Hayo ndiyo maendeleo yangu yote, si makubwa, na siyaachi.