Kopo la Dokta Severa

Severa hajasomea udaktari. Anakaanga samaki pale Feri, na kwenye samaki hana mpinzani. Lakini hapa kwetu Ilala, kwenye nyumba yetu ya wapangaji, tumempa cheo cha dokta naye anakiitikia bila haya. Ukipiga chafya mbili tu, ameshatoka chumbani na kopo lake la maziwa ya unga.

Humo koponi mna kila kitu. Sisi watu wa uswahilini tunajua kuchangiana: mtu akipata nafuu siku ya pili, hamalizi dozi, kilichobaki anampelekea Severa. Na kwa kuwa dukani tunanunua vidonge viwili viwili, pakiti inakatwa kwa mkasi na jina la dawa linabaki kwa muuzaji. Severa hajali. Kwake dawa inajulikana kwa rangi: nyekundu za kuongeza damu, za rangi mbili za vidonda, nyeupe za maumivu. Ukimuuliza maumivu gani, anakuona mkorofi.

Wiki iliyopita paka wake, Bosi, alirudi anachechemea baada ya ugomvi na wenzake wa mtaa wa pili. Severa hana mume wala mtoto, ana Bosi. Akampeleka kwa Amira, binti aliyesomea kutibu wanyama, akapewa vidonge vyeupe ndani ya bahasha. Juu yake paliandikwa jina la dawa, nusu kidonge kwa siku baada ya kula, na onyo kwa herufi kubwa: paka asipewe dawa za watu. Severa alivimimina koponi pamoja na vyeupe vingine, bahasha akawashia jiko la mkaa.

"Kwangu hakuna ubaguzi," alituambia.

Juzi asubuhi Bosi aliamka uso umevimba, fizi zimekuwa za kahawia, anahema kwa shida. Severa alipiga ukunga nyumba nzima ikatoka. Tukajazana kwenye bajaji mbili, maana kwetu mgonjwa hasindikizwi na mtu mmoja, hata akiwa paka.

"Shikamoo mama," Amira alisema huku anampokea Bosi. "Umempa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si dawa yako ile nyeupe!"

Amira alimfunua paka mdomo, naye akakunja uso. "Dawa yangu haifanyi hivi. Hii inafanana na panadoli, na panadoli inaua paka, mama, hata kipande. Naanza kumtibu, lakini lazima nijue amekula nini. Dawa zako ziko wapi?"

Kopo alikuwa nalo kwapani. Dokta gani anatoka bila vifaa vyake? Amira akalimwaga mezani, vyeupe peke yake vikajaa sahani.

"Nionyeshe uliyompa."

Severa akaokota kimoja, akakirudisha, akaokota kingine. Tulikuwa tumesimama nyuma yake, wagonjwa wake wote, tunamwangalia. Angeweza kuonyesha chochote nasi tungeamini, tumeshazoea. Bosi akatoa sauti nyembamba ya maumivu, na hapo machozi yakamtoka Severa.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hata kimoja sikijui. Niokolee tu paka wangu."

Mimi ninayemcheka kila siku nilishikwa na uchungu, nikataka kumshika mkono. Amira alimchoma Bosi sindano, akamwekea dripu, akatuambia tusubiri nje. Mchana akatoka na habari kwamba paka ameinua kichwa, huenda akapona. Severa akamshukuru Mungu kwa sauti.

Sisi wengine tulikaa kwenye benchi, kila mtu anahesabu vidonge alivyowahi kupewa. Mwishowe Bakili, mpangaji wa chumba cha mbele, akamsogelea Severa na kumwuliza taratibu:

"Dokta, sasa mimi na presha yangu, mwaka mzima huu nimemeza nini?"