Njegere Chini ya Chandarua cha Riziki

Haya nayasema mwenyewe, jamani, kabla hamjayasikia kwa Athmani fundi cherehani, maana yeye huyatia chumvi hadi kunivua kikoi, na wallahi siku ile kikoi nilikuwa nacho. Aibu niliipata, sikatai, tena mbele ya wakwe, lakini hata aibu inataka isimuliwe vizuri.

Mimi skuli niliiona kwa nje tu, nikipita na mkokoteni. Nilianza na mkokoteni wa kukodi pale feri Likoni, nikapata wangu, nikapata wa pili, nikafungua duka, nikajenga nyumba ya mawe yenye kishamba nyuma, yote kwa mikono hii na akili hii (mke wangu hupenda kutaja mikono peke yake). Mtu aliyefika hapo ukimwambia jambo haliwezekani, ni kama umemtukana.

Basi mwaka wa kabla ya Uhuru, rafiki yangu mmoja wa bara, mtu wa reli, akaniletea mbegu za njegere, zile ambazo kwao huziita minji, akaniambia hupenda baridi na ukungu. Athmani akacheka pale barazani kwangu, anakunywa kahawa yangu: "Sheikh, kaskazi hii kuku wanataga mayai yaliyokwisha chemka, na wewe wapanda njegere?" Nikamjibu kwamba harusi ya binti yangu Riziki ikifika, pilau ataikuta imetiwa njegere za shamba langu. Nilisema hivyo mbele ya watu, nami sina desturi ya kurudisha neno.

Zikaota. Asubuhi na jioni nilichota maji kisimani, nikatandaza manyasi udongo usichomeke, nikazichomekea vijiti zipande. Lakini jua la mchana likishika, majani yanalegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa, na yale maua meupe yanadondoka kabla hayajafanya kitu. Nikaweka makuti juu, giza likazidi, zikageuka manjano. Zilitaka kitu cha kulipunguza jua bila kulifungia mlango.

Na kitu hicho kilikuwamo ndani, kwenye kasha la Riziki: chandarua cheupe cha kitanda cha harusi, chenye lesi pembeni ambayo mamake aliifuma kwa mkono wake tangu mtoto angali chuoni akisoma Kurani. Wanawake wa upande wa mume walikuwa waje kuchukua vyombo vya mwari, wavivushe kwa feri hadi Mji wa Kale, wakatandike kitanda huku majirani wote wakitazama. Mwari akipelekwa na chandarua kibovu, mnajua wenyewe, maneno yake hayaishi hata akipata wajukuu.

Nayajua hayo, lakini mke wangu na Riziki walikwenda Jomvu Kuu kualika jamaa, nyumba ikawa kimya, nikalitazama kasha, nikasema: mchana tu, jua likipoa nakirudisha.

Ndugu zangu, njegere zilipenda! Majani yakasimama, maua yakashika, maganda madogo yakaanza kuning'inia kama hereni. Jua lilipopoa nikakosa moyo wa kukitoa, nikasema kesho, na kesho nikasema kesho, hata wenye kasha wakarudi, nami chini ya nguo nimekunja shuka kuukuu mahali pake, na nyuma ya nyumba nimepiga marufuku mtu kupita, ati nimemwaga dawa ya panya.

Siku ya kuchukuliwa vyombo ikafika. Wageni walitarajiwa alasiri, basi asubuhi nikaenda kukitoa, nikavuta kidogo, ukaja mmea mzima na mizizi yake. Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Njegere ina vikono vyembamba kama uzi, hujisokota kwenye chochote ikipatacho, na kila tundu la chandarua lilikuwa limeshikwa. Nikaingia ndani yake, nikachuchumaa, nikaanza kufungua kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesuka nywele kinyume.

Nikasikia vigelegele. Bi. Salma, shangazi yake bwana harusi, alikuwa amewahi feri ya asubuhi akwepe msongamano, na wenzake tele. Nikasikia kasha linafunguliwa, kisha mke wangu: "Yallah! Hiki si chandarua, ni shuka!"

"Labda mmekianika nyuma," akasema Bi. Salma, na kabla sijajua pa kujificha (ndani ya chandarua mtu atajificha wapi?) wakanizunguka.

"Jamani," akasema Bi. Salma, "mwari tumemwacha chumbani anapakwa hina. Huyu aliyejifunika hapa ni nani?"

"Ana ndevu huyu!" akadakia mwingine. "Kaka yetu ameozwa nani?"

Nikajikaza. "Karibuni, wakwe zangu. Natazama kama hakipitishi mbu."

Ningebaki nimechuchumaa ingekuwa heri, lakini mtu mkubwa hasalimii wakwe amechuchumaa, nikainuka kwa kishindo, chandarua kikanifuata, njegere zikafuata chandarua, mguu ukanasa kwenye vijiti, tukaanguka wote, na kile kitambaa kikalia *chraaa* kutoka juu hadi chini. Athmani alikuwa kwenye ua anachungulia. "Sheikh, umezivuna wewe, au zimekuvuna?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Kisha Riziki akatokea mlangoni, mikono ameinyoosha hina isichafuke, akaitazama lesi ya mamake imejaa udongo. "Baba," akasema polepole, "umelitandikia shamba kitanda changu?" Kicheko kikakatika, nami nikaanza kuipangusa lesi kwa ncha ya kikoi.

Bi. Salma akakaa juu ya mkeka. "Hatuondoki bila chandarua, na bibi harusi haendi na kilichopasuka. Aliyekipasua akishone."

Basi nikashona. Mke wangu alikifua kikakaukia juani, nami nikaletewa uzi, na mshono niujuao mimi ni mmoja, wa magunia. Nikakaa katikati ya wanawake wale, jasho linanitiririka, wao wananiimbia na kupiga makofi kila nikijichoma, hadi feri ya jioni ikawachukua, na mshono wangu umekatiza katikati ya weupe ule kama njia ya siafu.

Baada ya harusi nilimnunulia Riziki kingine, cha bei. Alikikataa. Alisema hicho cha kwanza kina mkono wa mama na mkono wa baba, akakirudisha kipya dukani kwangu nikiuze. Mume wake naye, kijana mwenye adabu sana, kila akija huniamkia vizuri, huketi, hunywa chai, halafu huniambia kwa upole kwamba mbu wa Mji wa Kale wote wameshaujua mlango niliowashonea kwenye chandarua.

Tangu hapo nimeapa: chenye kutaka baridi nawaachia watu wa baridi, na kasha la mwari, hata nyumba ishike moto, nitamwita mwenyewe alitoe.