Ukurasa Uliojaa Shikamoo

Zamani pale Bukoba kulikuwa na duka la Mhindi mmoja aliyejua Kihaya kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Ukienda kununua mafuta ya taa anakuuliza habari za migomba, habari za mibuni, anafika hadi kwa mbuzi. Foleni inatoka barabarani na hakuna anayenuna, kila mtu anangoja zamu yake ya kuulizwa mbuzi. Duka lilifungwa siku nyingi. Nikawa sina pa kwenda mjini, mpaka binti yangu alipopata kazi ya kufundisha chuoni.

Siku moja nikampelekea mkungu wa ndizi kutoka Muleba, nikamkuta amewakusanya wakufunzi wenzake, kila mmoja na kompyuta yake. Anawabembeleza waandike somo pamoja, kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni: huyu aongeze, yule arekebishe, wanafunzi nao waingie humo humo. Mkuu wa chuo alikuwa amempa mchana ule tu. Wasipoandika kitu, mpango umekufa.

Ukurasa mweupe. Wakufunzi vijana wanamsubiri mwenzao mzee aanze. Mzee naye akaniona mlangoni.

"Nianzeje na mkubwa wangu yupo? Karibu baba, tufungulie."

"Mimi niliishia darasa la nne!"

"Basi tusalimie tu."

Nikabonyeza kompyuta yake kwa kidole kimoja: hamjambo. Loo! Shikamoo zikamiminika ukurasa mzima. Nikaitikia. Wakaniuliza habari za Muleba, nikaandika kwamba migomba ina mnyauko. Kila mmoja akaandika pole, na ya yule mzee ikawa ndefu kama mahubiri. Nilinogewa, sitaki kudanganya. Ila somo, hata neno moja.

Binti yangu alikuwa ananitazama. Atamfukuzaje baba yake mbele za watu?

"Tata, chai umeshakunywa?"

"Nimeshakunywa."

"Hata ya pili?"

Hapo nikaelewa. Nikainuka. "Ngoja nikatafute gari la Muleba. Mwalimu, sasa mkubwa humu ni wewe. Anza."

Sijafika hata mwisho wa korido, nikamsikia yule mzee anafoka: "Nani amefuta sentensi yangu?"

"Ni mimi, mwalimu," sauti ya kike, si ya binti yangu, ikajibu. "Shikamoo."

Wakaangua kicheko.

"Marahaba. Irudishe!"

"Isome kwanza nilivyoiweka, mwalimu."

Akaisoma kwa sauti. "Haya, iache. Lakini hapo chini umekosea, sogea nikuonyeshe."

Nikashika njia ya stendi. Chuoni pale sijakanyaga tena, nisije nikawarudisha kwenye shikamoo.