Nyongeza ya Umeme

Jambo zima lilinigharimu betri moja, simu moja na wiki mbili za kununiwa na mke wangu. Nimehesabu mara mbili, jumla haipungui.

Miaka ile ya vita mke wangu alikuwa Kibenga, upande mwingine wa mji, akimwuguza dada yake, risasi zikaanza kulia upande huo, barabara ikafungwa. Tukakubaliana: njia ikifunguka, atanipigia kwa simu ya jirani, nami nimfuate. Simu ikawa ndiyo ndoa yenyewe. Kwetu Buyenzi umeme ulikuja kama mgeni wa heshima, kwa nadra na kwa muda mfupi, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi aliyechaji kwa betri ya lori.

"Imejaa, muze," akasema.

"Na nyongeza?"

"Nyongeza gani?"

"Mutu akinunua maharagi, si anaongezewa kiganja? Mi nimelipa."

"Umeme apana maharagi, muze."

"Basi naenda kwa mwenzako."

Hoja hiyo haijawahi kuniangusha. Akaiunganishia tena nyaya, tukanywa chai taratibu. Betri ya simu nilikuwa nimeinunua kwa bei ya kujivunia, maana haikuwa na kile kidude cha kukata umeme inapojaa. Nani alipie kitu cha kumzuia asipate zaidi?

Asubuhi simu ililia. "Baba watoto, mi niko..." Ikazima. Betri ilikuwa ya moto, imevimba kama andazi, na joto limeharibu simu, hata kadi ya laini iliyolala chini yake, pamoja na namba ya yule jirani. Sikujua niende au ningoje.

Mwalimu wa kemia aliyepanga chumba chetu cha nyuma akaitazama kwa mbali, kwa furaha isiyo na adabu. Ndani, akaeleza, mna karatasi mbili zilizoviringishwa pamoja: moja ya madini, moja ya makaa laini kama ya penseli. Ukichaji, lithiamu huhama kutoka kwenye madini, ikajipanga kati ya tabaka za makaa.

"Humu nyumbani mmepokea wakimbizi wangapi?" akaniuliza.

"Kumi na mmoja. Na wewe, kumi na wawili."

"Wakizidi?"

"Watalala barazani."

"Ndivyo hivyo. Makaa yakijaa, lithiamu inalala nje, inaganda juu yake kuwa metali. Kule ilikotoka umehamisha mpaka nguzo: kuta zinabomoka, zinatoa oksijeni, na maji ya dawa yaliyo katikati yanageuka gesi. Ndiyo hilo tumbo."

Nikamshukuru kwa kunipa msiba wenye maelezo.

Mke wangu alipiga siku nzima. Akaamua kwamba ama nimekufa ama namkwepa, kesho yake akaja kwa miguu na watu aliowakuta njiani. Aliponikuta hai, akabaki na lile la pili.

Mwalimu akajitolea kumweleza yote, madini na makaa. Mke wangu akamsikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mwalimu. Makaa yalijaa. Na miguu yake huyu, nayo ilijaa?"

Waliooa kabla yangu wanishauri: mtu aliyetembea kutoka Kibenga kuja kuhakikisha kama uko hai, unaanzia wapi kumwomba radhi?