Ulimi Ulioajiriwa

Wakulima wa Kalinzi walikuwa hawauzi kahawa kabla Melania hajaionja. Alikuwa na kijichumba chake cha kuonjea huko mjini, Katubuka, jiko la mkaa, vikombe, kijiko na, tuseme ukweli, kiburi kidogo. Wanunuzi walimwogopa. Akisema hii ni daraja la kwanza, basi ni la kwanza, hata tajiri anune mpaka jioni.

Kisha kampuni moja inayonunua kahawa, yenye na mashamba yake, ikamwajiri awe mwonjaji wake. Akapewa koti jeupe, bima ya afya na pikipiki. Wakulima walishangilia: mtu wao yumo ndani! Yeye mwenyewe aliapa mbele ya Mzee Dismasi, mwenyekiti wao, kwamba mshahara hautagusa ulimi wake.

Msimu wa pili, kahawa ya wakulima ikaanza kushushwa daraja, gunia baada ya gunia. Wengine wakaanza kusema heri wang'oe mibuni wapande maharage. Dismasi akashuka mjini, moja kwa moja hadi chumba cha kuonjea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nionjee vikombe hivi viwili. Hiki cha shamba la kampuni, hiki chetu."

Gasper, mkaangaji wa kampuni, alivisogeza vikombe mbele ya Melania bila kumtazama mtu. Akafyonza cha kwanza kwa kelele, akatema, akatabasamu. "Safi kabisa. Nzito, tamu." Akafyonza cha pili, uso ukajikunja wenyewe. "Samahani, Mzee. Ina uchachu. Hii sisi hatuwezi kuinunua kwa daraja la kwanza."

"Sisi nani?" Dismasi akauliza. Kisha akamgeukia mkaangaji. "Gasper, mwambie."

"Zote ni za wakulima, Mama. Gunia moja, mkaango mmoja."

Melania aliviangalia vikombe vile viwili. Angekuwa amehongwa, angejua pa kuanzia kutubu. Meneja angekuwa amemwamuru, angemlaani meneja. Lakini hakuna aliyemwambia neno! Uchachu ule aliuonja kweli, pembeni mwa ulimi. Kahawa ngapi za watu hawa ameziharibia jina kwa moyo mweupe kabisa?

"Labda ni kijiko," akasema.

Akakisuuza. Akasukutua mdomo, akaonja tena vyote viwili, taratibu, huku Dismasi akimwangalia usoni kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Kile cha pili kilikuwa bado kichachu.